Hamsini kwa Pumzi Moja

Kosa langu la kwanza katika ugonjwa huu lilikuwa kumdanganya daktari kwa kumpa majibu mazuri. Sikuficha dalili kwa aibu, wala sikuacha dawa kama wengi wanavyofanya wakipata nafuu. Nilifanya jambo la kijinga zaidi. Niliuchukua uchunguzi wa hospitali kama mtihani, nikajiandaa, nikafanya mazoezi, nikafaulu. Niliambiwa nihesabu kwa pumzi moja nikafika hamsini, wakati pumzi yangu ya kweli ilikuwa haifiki hata ishirini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sasa nina thelathini na miwili, na bado nakumbuka jinsi ile hamsini ilivyotoka safi, bila kutetemeka.

Mwezi uliopita, hapa Kibondo, tulimuaga dada Rukia, tabibu wa kituo cha afya, aliyehamishwa kurudi kwao Tanga baada ya miaka mingi ya kukaa nasi. Kulikuwa na wali, nyama, soda, na viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, ingawa yeye ni Mwislamu. Mshereheshaji akasema sasa atazungumza mwalimu Dezi, ndiye mimi, kwa niaba ya wagonjwa. Nilikuwa nimeandika kurasa nne, nikazinakili upya mara tatu kwa sababu siwezi kuvumilia karatasi yenye neno lililokatwa. Nilisimama, nikamtazama, nikasema, "Dada Rukia, ahsante. Nipo," nikakaa. Watu walicheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alitazama juu kwenye mabati kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Niliyoyaandika kwenye zile kurasa ndiyo haya, ila safari hii sikuyanyoosha sana.

Mwaka ule wa ugonjwa nilipanga chumba nyuma ya duka la steshenari nilikofanya kazi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Jioni nilifundisha kwaya. Hakuna aliyenifundisha muziki. Nilijifunza noti kutoka kwenye kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, na kwenye video za simu nilizotazama dukani mtandao ukikubali. Aliyejifundisha mwenyewe ana shida moja: hajui mahali panapotosha, kwa hiyo anarekebisha kila kitu. Nikikosea noti moja chini ya ukurasa nilichana ukurasa wote. Wanakwaya wangu walikuwa wakulima na wachuuzi, wengi watoto wa watu waliovuka kutoka Burundi kama mimi, na walikuja mazoezini mikono ikinuka muhogo mbichi. Niliwarudisha kwenye mstari mmoja mara kumi, mara kumi na tano, hadi akina mama waanze kuliangalia jua kupitia dirishani wakihesabu muda uliobaki wa kuwasha moto nyumbani.

Februari kope la jicho la kushoto likaanza kushuka. Asubuhi lilikuwa sawa. Ilipofika saa kumi lilikuwa limeshuka nusu. "Mwalimu, leo jicho moja limetangulia kulala?" aliuliza Velediana, kiongozi wa sauti ya pili, na kwaya nzima ikacheka. Nikacheka pia, lakini uso haukunitii. Midomo ilipanda upande kama ya mtu anayedharau. Baada ya hapo nikaanza kuona safu mbili za wanawake mahali pa safu moja. Mama Sabina, mkubwa kuliko wote kwenye kwaya, hakuja Jumamosi mbili mfululizo. Nilipokwenda kwake kuuliza, nilimsikia kutoka nje ya ua akimwambia mtu, "Kasoma vitabu viwili, sasa anatutazama kwa jicho nusu. Ningekuwa nimemzaa mimi ningemchapa." Nikageuka nikarudi chumbani bila kubisha hodi. Nilisimama mbele ya kioo nikafanya mazoezi ya kutabasamu mpaka shavu likaacha kabisa kufanya kazi.

Ndipo nikaenda kwa dada Rukia. Aliniweka kwenye kiti mbele ya dirisha. "Tazama kidole changu juu. Usishushe macho mpaka nikwambie." Kope lilishuka kabla hajamaliza kuhesabu thelathini. Alitoka nje, nikamsikia akimwita mama anayewauzia wanafunzi barafu za ubuyu getini. "Nipe moja iliyoganda sawasawa. Si ya kula." Akarudi na kile kifuko chekundu, akakizungushia gozi, akanibandika jichoni. "Dakika mbili. Ukisema neno tunaanza upya." Maji mekundu yalichuruzika mpaka kwenye kola ya shati langu jeupe, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaza shati. Alipoitoa alinishika kidevu akanitazama muda mrefu. "Subhanallah," akasema taratibu. "Limepanda." Akanipa kioo cha mkoba wake. Jicho lilikuwa wazi kabisa. Tukakaa tukilitazama wote wawili mpaka likaanza kushuka tena. "Hii nilifundishwa chuoni, sijapata kuiona kwa macho," alisema. "Baridi inausaidia msuli kidogo. Lakini usifurahi, mwalimu wangu. Hii si habari njema."

Alinipa rufaa kwenda Kasulu, ambako daktari bingwa alikuwa akija kwa siku maalumu. Nilipanda basi asubuhi, tukapita Busunzu ambako shule zilikuwa ndiyo kwanza zinapiga kengele, na njia nzima nilisoma kwenye simu kila kitu kuhusu maneno aliyoyaandika Rukia kwenye karatasi: miasthenia gravisi. Daktari bingwa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuchora anapoeleza. "Kinga ya mwili wako imemkosea adui," alisema. "Inashambulia mahali ambapo mshipa wa fahamu unauagiza msuli ufanye kazi. Agizo linatumwa, halifiki. Ndiyo maana ukipumzika unapata nguvu, ukifanya kazi zinaisha." Akachora kifua, akachora kitu kama jani nyuma ya mfupa. Hiyo ni tezi inayoitwa thaimasi, alisema. Mtoto anaihitaji, mtu wa umri wangu haihitaji tena, na yangu ilitakiwa iwe imenywea. Alinituma nikapigwe picha Kigoma mjini, na niliporudi na ile picha aliishika kwenye mwanga wa dirisha akatikisa kichwa. Ilikuwa imevimba. Ikitolewa mapema, alisema, wengi hupata nafuu, ila si kesho yake: ni miezi, pengine miaka. Mfupa wa kifua hukatwa katikati kwa msumeno, tezi ikatolewa, mfupa ukafungwa kwa waya. "Lakini nikupeleke ukiwa na pumzi," alisema. "Wenye pumzi dhaifu tunawatibu kwanza. Huwezi kumlaza mtu mezani wakati hata akiwa macho anahangaika kupumua." Akanipa vidonge vya kumeza kila baada ya saa chache na tarehe ya kurudi.

Usiku ule nililala kwa mama, Kagerankanda. Sitaeleza hapa jinsi tulivyobaki Tanzania baada ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila kufungwa. Ni hadithi ndefu na si ya kurasa hizi. Nitaeleza jambo moja tu, kwa sababu bila hilo kosa langu halieleweki. Mimi nimekulia kwenye mahojiano. Kambini, mtu mwenye karatasi mbele yake alikuwa na uwezo wa kubadilisha maisha yako kwa kuandika mstari mmoja, na siku moja kabla ya kuitwa mama alituketisha watoto kwenye mkeka akatuuliza maswali. Jibu kamili. Usijikune. Usiseme "labda". Usitazame chini. Nikikosea alinirudisha mwanzo, kama mimi nilivyokuja kuirudisha kwaya. Sisi tuliolelewa hivyo, tukimwona mtu ameshika kalamu, hatuulizi ukweli ni upi. Tunauliza jibu linalotupitisha ni lipi.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo, mboga ya lengalenga na dagaa. Baada ya matonge matano taya langu lilichoka, nikaweka kiwiko kwenye goti na kulishika kwa kiganja, nikilisukuma juu kila ninapotafuna, kama mtu aliyezama kwenye mawazo. Mama alijifanya haoni. Aliondoa vyombo haraka kuliko kawaida akaenda jikoni, kibanda kilichotengana na chumba kwa ukuta wa matofali mabichi, na jirani yake mama Yolanda akamfuata. Nilisikia kila neno.

"Mbona kinachoanguka ni kope, nao wanapasua kifua?" mama Yolanda aliuliza.

"Ndivyo daktari alivyomwambia."

"Labda kamba yake inaanzia huko. Na wakimpasua wakakuta hamna?"

"Eh, we! Wameiona kwenye picha."

"Picha! Mie pichani nimenenepa." Wakacheka wote wawili, kicheko cha chini, halafu mama Yolanda akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Na pumzi yake je?"

"Watampima. Akiwa dhaifu hawamkati."

Nilisikia maji yakimwagwa kwenye sufuria. Kisha mama akasema, polepole, "Basi asiwe dhaifu."

Alipoingia kunipa taa alinigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono wake. "*Ihangane, mwana wanje*," alisema. Vumilia, mwanangu. "Ukiulizwa, ujibu vizuri."

Nilirudi Kibondo nikiwa nimeshaamua, ingawa sikumbuki dakika niliyoamua. Kipimo chenyewe nilikuwa nimekiona Kasulu akifanyiwa mgonjwa mwingine: unavuta pumzi mara moja, unahesabu kwa sauti moja mpaka kumi, unarudia bila kuvuta tena, na daktari anakunja kidole kimoja kwa kila kumi. Vidole vitano, yaani hamsini, ndiyo mtu mzima mwenye afya. Chumbani, mlango ukiwa umefungwa, nilipata kidole kimoja na nusu. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya, na kuna kitu kila mwanakwaya anakijua. Wimbo ukiwa na noti ndefu, hakuna mtu mwenye pumzi ya kuimaliza. Kila mmoja anaiba pumzi mahali pake, kidogo, kwa pua, bila kulegeza mdomo, na msikilizaji anadhani watu thelathini hawajapumua. Niliwafundisha wanakwaya wangu jambo hilo mwaka mzima. Nikagundua kwamba katika kuhesabu, midomo inapofungwa kusema "moja" na "mbili", pua inaweza kuvuta hewa na sauti isikatike. Nilifanya mazoezi kama nilivyofanya kila kitu. Nilijirekodi kwenye simu, nikajisikiliza, nikisikia pua nilifuta nikaanza tena. Na ili mikono na kope visinisaliti, niligundua pia kwamba nikimeza vidonge viwili badala ya kimoja, saa moja kabla, ninakuwa mtu wa kawaida kwa muda mfupi. Tumbo lilinikata na mate yalinijaa mdomoni, lakini hayo niliyameza.

Mwezi Juni, Kasulu, daktari bingwa alikunja vidole vitano. Alirudia, akakunja vitano tena. Uso wake uling'aa kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba alifurahi kwa ajili yangu. "Pumzi ya mwanajeshi!" alisema, akaandika. Nilitazama kalamu yake ikitembea na nikahisi utamu uleule wa zamani wa mtu aliyepita. Nje, kwenye benchi, dawa ilipoanza kuisha, nilishindwa kuinua mkono kumpungia mama aliyekuwa ananisubiri chini ya jua. Nikamwambia, "Nimepita." Akasema, "Ego," ndiyo, na akafumba macho kushukuru.

Barua ya kwenda kufanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa, safari ya siku nzima kutoka kwetu, ilitoka Septemba. Zilibaki siku tisa kabla ya safari. Jioni moja tulikuwa mazoezini na nilikuwa nafundisha nikiwa nimekaa, sauti yangu ikitokea puani. Noti ya mwisho ya wimbo ilikuwa ndefu, na sauti ya pili walikuwa wakiikata. "Velediana, unameza hewa kama samaki, kila mtu anakuona," nilisema. "Iba kwa pua. Mdomo usifunguke. Mtu akisimama mbele yako akuandikie mia kwa mia."

"Mwalimu, hiyo si dhambi?" akauliza, na wenzake wakaangua kicheko.

"Ni dhambi ukikamatwa."

Nilipogeuka, dada Rukia alikuwa amesimama dirishani. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara na alikuwa na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa amesimama tu kusikiliza, kama alivyofanya jioni nyingi. Hakuwa anacheka. Aliiweka ndoo chini. "Mwalimu," alisema, "ukimaliza uje ofisini. Na usipite kwako kwanza."

Ofisini hakunikaribisha kiti. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake na yeye akazunguka akaja karibu, mfupi, mwenye harufu ya karafuu. "Kipimo cha Kasulu umepata vidole vingapi?"

"Vitano."

"Hebu nihesabie." Nikavuta pumzi. Kabla sijasema "moja" alinibana pua kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama mama anayemnywesha mtoto dawa. "Haya, hesabu." Nikahesabu. Sauti yangu ilikuwa ya chura. Nilipofika tisa kwenye kumi la pili kifua kilikataa, nikafungua mdomo kutafuta hewa, na akaniachia. Kumi na tisa. Aliketi. Akasema, si kwa ukali, "Unajua daktari wa dawa ya usingizi anafanya nini na hiyo hamsini yako? Ndiyo anayoitumia kuamua dawa, na kuamua akutoe mpira wa kupumulia saa ngapi. Akidhani una vidole vitano, atautoa mapema. Utakuwa umelala pale, umefunguliwa kifua, huwezi kuongea, na pumzi huna. Utaiba wapi?"

Nikamwomba asimpigie daktari. Nilisema tarehe itapotea, nilisema mama ameshaaga watu, nilisema nitasema mwenyewe. Nilisema mambo mengi na kila moja lilikuwa na mpangilio mzuri. "Ningeweza kupiga simu sasa hivi," alisema. "Lakini ugonjwa huu hauishi kwa kisu, mwanangu. Utaulizwa unajisikiaje mpaka uzeeke. Nikikusemea leo, nani atakusemea mwakani? Nenda ukaseme. Na mimi nitapiga simu kwako, nijue."

Nilikwenda na mama. Wodini nilikuwa na kitanda karibu na mlango, blanketi la kijivu, na jirani mmoja mzee aliyekuwa anasubiri kufanyiwa upasuaji wa moyo na ambaye kutwa alisikiliza redio sikioni. Siku ya kwanza sikusema kwa sababu madaktari walikuwa wengi. Siku ya pili sikusema kwa sababu alikuja mmoja tu na alikuwa na haraka. Siku ya tatu, ya kuamkia upasuaji, alikuja daktari wa usingizi, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniambia nihesabu. Nilikuwa nimeshameza vidonge vyangu viwili. Vidole vinne na nane, yaani arobaini na nane. "Vizuri sana," alisema. Akanitazama kidogo, akaandika, akaondoka. Nikabaki nimekaa pale na mwili wote ukitetemeka chini ya ngozi, vinyama vidogo vidogo vikirukaruka kwenye mapaja, kwa sababu ya dawa au kwa sababu ya uoga, sikujua. Mama alikuwa akimenya chungwa. Alinipa kipande, kikanikwama kooni, nikakohoa kikohozi kisicho na nguvu hata ya kukitoa. Mzee wa redio alizima redio. Mama alinipiga mgongoni mpaka kikatoka, kisha akapangusa godoro kwa kanga yake, na hakuniangalia. "Kesho utakuwa mzima," aliliambia godoro.

Simu ikaita. Ilikuwa saa kumi jioni.

"Umesema?" dada Rukia aliuliza.

"Nimesema."

"Walisemaje?"

Nilikuwa tayari kwa swali la kwanza. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi. La pili sikuwa nimelifikiria. Nilitafuta daktari angeweza kusema nini na hakuna kilichokuja. Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akisukuma baiskeli kwenye changarawe, sauti za Kibondo. Hakunihimiza. Mwishoni alisema, "Mpe simu nesi."

Ningeweza kukata. Ningeweza kusema chaji imeisha. Mama alikuwa amekaa pale na asingenisuta. Nesi alikuwa anapita na sinia la dawa. Nilimwita, na kwa kuwa sauti yangu haikutoka vizuri ilibidi nimwite mara ya pili. Nikanyoosha mkono nikampa simu. Mkono uliteremka kabla hajaipokea, na ilibidi ainame aichukue juu ya blanketi.

Daktari wa usingizi alirudi kabla ya saa moja kupita. Safari hii hakuketi. Aliniuliza vidonge nilimeza saa ngapi na vingapi, akasubiri nguvu zake ziishe, akanibana pua. Kumi na saba. Aliandika, akachora mstari juu ya alichokiandika mwanzo, mstari mmoja mnyoofu, na aliponigeuzia karatasi niione nilidhani atanifokea. "Kesho saa tano asubuhi," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "ningekutoa mpira. Ningekwenda kunywa chai." Kisha akamgeukia mama. "Mama, kesho hatumpasui."

Mama aliinuka. Kwa miaka yote sijamwona akibishana na mtu mwenye kalamu. "Daktari," alisema, "mimi ndiye nilimwambia asiwe dhaifu." Alisema hivyo tu akakaa. Sikuwa najua kwamba alijua nilikuwa nimemsikia.

Nafasi yangu alipewa mtu mwingine. Walinipunguzia vidonge, wakaniwekea dawa ya kutuliza kinga, na kwa wiki za kwanza nilidhoofika zaidi hata ikabidi nilishwe uji kwa mpira wa puani, kisha taratibu nikaanza kupanda. Kila asubuhi walinibana pua. Namba nyingine zilikuwa za aibu na ziliandikwa vilevile zilivyo. Nilipasuliwa mwanzoni mwa Desemba, nikiwa na hesabu ya thelathini na moja ya kweli kwa pumzi moja. Sikumbuki kisu. Nakumbuka kuamka na mashine ikinipumulia, mpira kooni, kifua kizito kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia, na daktari wa usingizi akiinama juu yangu. "Unaweza kuvuta mwenyewe?" aliuliza. "Ndiyo, inua kidole. Hapana, usiinue." Kidole kilikuwa na nguvu ya kuinuka. Nilitamani sana kukiinua. Sikuinua. Aliniuliza kesho yake, na kesho kutwa, na siku ya nne nikakiinua, na akautoa, na nikavuta.

Tuliporudi Kibondo mama Sabina alikuja kuniona na ndizi mbivu. Alinitazama usoni kwa karibu, bila adabu kabisa, akasema, "Kumbe lilikuwa jicho tu," akaanza kulia. Nilitaka kutabasamu vizuri kwa ajili yake na nikashindwa, na nikauacha uso ukae ulivyotaka.

Sikupona. Ilipita miaka miwili kabla sijaanza kuona faida ya ile tezi kutolewa, na sasa ninameza vidonge vitatu kwa siku badala ya sita. Mwaka juzi, kipindi cha baridi, nililazwa tena wiki mbili. Nilikwenda mwenyewe, nikasema mwenyewe. Makosa kwenye karatasi zangu sasa nayakata kwa mstari na naendelea kuandika, ingawa kurasa za kumuaga dada Rukia zilinishinda. Kwaya inaongozwa na Velediana. Mimi naimba besi, safu ya nyuma, na kiti kimewekwa hapo. Nikichoka nakaa, wimbo ukiwa bado unaendelea.